Salamu za Kioo

Kituo cha kioo, mlimani,
27 Julai 1916

Kwa dada yangu mpenzi Theresia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua masika yote kimepoa. Mimi mwili wangu ni mzima, ila baridi ya huku juu inanitafuna miguu, na unga tunaoletewa siku hizi mchanga ni mwingi kuliko unga wenyewe. Nauliza hali za watoto wadogo, nauliza migomba ya bondeni, nauliza na yule mbuzi wako mkorofi kama bado yu hai au mmeshamla. Na mkweo Scholastika je, amejifungua? Kama bado, mwambie asipande na maji kutoka mtoni, hata kama anajiona ana nguvu.

Najua barua hii atakusomea mwalimu wa misheni. Mwalimu, nakuamkia nawe kwa heshima, na nakuomba usome polepole, wala usiruke mstari kwa kunionea haya. Nawe dada, kabla hajaendelea, nakuomba umwite mumeo Stambuli aje akae hapo hapo ulipokaa. Kama ameshaondoka kurudi kwao, tuma mtu amfuate, kisha ndipo mwendelee. Barua haina haraka, imeshachelewa vya kutosha.

Barua yako ya pili ilinifikia siku tisa zilizopita. Unaniambia wazee wa ukoo watakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane kukata shauri la Stambuli. Unasema neno lililo midomoni mwa watu wote ni kwamba yeye ndiye aliyewaonyesha askari mahali alipojificha mwanao Lukasi, kwa kuwa si yeye aliyemzaa Lukasi, na baba wa kambo haumwi na mtoto wa mwenzake. Tena alikuwa mjini Morogoro siku tatu kabla Lukasi hajakamatwa, akarudi na kaniki mpya. Na kubwa kuliko yote, chini ya Mwamba wa Popo, pale alipokamatiwa, wameokota kipande cha kioo, wakakipima kwenye kile kioo alichokuletea mwaka ule wa harusi yenu, kikaingia sawasawa kwenye pengo la pembeni. Basi wamesema Mkutu huyu, mtu wa kuja kutoka tambarare, alipanda mwambani na kioo chake akawamulikia Wajerumani.

Ukaniuliza mimi, mjomba wa Lukasi, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya wanao, kama mumeo atolewe mkeka na jembe lake nje, au abaki. Ukaongeza kwamba wewe mwenyewe hujui umwamini nani, kwamba unampikia lakini huongei naye, naye anakula akiwa ameinama. Maneno hayo ya kuinama nimeyasoma mara nyingi sana, dada, na kila nilipoyasoma nilikunja barua nikaenda kufuta kioo kilichokuwa safi tayari.

Nianze na kazi yangu, maana usipoielewa hiyo hutaelewa hayo mengine. Kituo chetu kiko juu ya mgongo wa mlima upande wa mashariki, mahali pasipoota kitu ila nyasi fupi. Tuko watatu wa kazi. Mkubwa wetu ni Mjerumani mmoja tunayemwita Bwana Miwani, mtu mpole wa sauti, hapigi ovyo kama wengine. Wa pili ni Kibwana, kijana wa mjini Morogoro, ambaye hukaa kwenye darubini na kunisomea mianga ya vituo vingine. Wa tatu ni mimi, mwenye kioo. Kioo chenyewe si kikubwa kuliko sahani ya ubwabwa. Kimesimama juu ya miguu mitatu, katikati kina tundu dogo la kulengea, na nyuma kina kitufe. Ukikibonyeza, kioo kinainama kidogo tu, na jua linaruka kutoka hapo mpaka kituo kilicho mwendo wa siku mbili kwa miguu, kabla hujapepesa macho. Mbonyezo mfupi na mbonyezo mrefu, ndizo herufi zote hizo. Jua likiwa mgongoni tunaongeza kioo cha pili cha kuligeuza. Wingu likitua, serikali nzima ya Wajerumani inanyamaza, wanabaki kuvuta kiko na kutukana mlima.

Maneno ninayopeleka ni ya Kijerumani, wala siyajui. Nazipeleka herufi kama mpagazi anavyobeba sanduku lililofungwa. Lakini sijisifu bure nikisema kwamba hakuna mtu mweusi wala mweupe kutoka hapa mpaka Kisaki mwenye kidole chepesi kama changu. Bwana Miwani mwenyewe alisema hivyo mbele ya wageni, nami nilitembea siku mbili kama mtu aliyeoa upya. Nakwambia hili si kwa kujigamba. Nakwambia ili ujue nilikuwa nalinda nini.

Kwenye darubini, siku ya mbingu safi, naliona paa la nyumba yako. Naziona kaniki zako zikianikwa. Mara moja nimekuona ukimfukuza huyo mbuzi mpaka ukapoteza kiatu, nikacheka peke yangu, Kibwana akaniuliza kama habari za vita zimekuwa nzuri.

Unakumbuka mwaka jana Lukasi aliniletea ndizi na tumbaku huku, akakaa siku tatu. Zile siku tatu hakubanduka kwenye kioo. Herufi hazikumwingia upesi, kwa hiyo nilimtungia alama zetu wawili, zisizo za Wajerumani. Mianga mitatu mifupi ni shikamoo. Miwili mirefu ni marahaba. Mitano mirefu ni kumwita mtu. Nikampa na alama ya hatari, mwanga mmoja mrefu sana na mwingine mfupi, maana yake kimbia. Tulicheka sana siku hiyo. Nilimwonya asimweleze mtu, kwa sababu kuchezea kioo cha serikali malipo yake ni hamsa waishirini, vile viboko ishirini na tano, na mimi nilishawahi kuona mgongo uliovipata.

Basi mwaka huu jumbe alipoanza kuwakamata vijana wa upagazi, ukamficha mwanao Mwamba wa Popo, ukafanya vema. Ulichokuwa hujui ni kwamba alipoondoka nyumbani alichukua kile kipande cha pembeni cha kioo chako, kilichokuwa kimeshaachia siku nyingi. Alikichukua Lukasi mwenyewe, kwa mkono wake. Stambuli hakukigusa.

Siku ya kwanza nilikiona asubuhi, tumemaliza kupokea amri, Bwana Miwani yumo hemani na Kibwana ameteremka kuteka maji. Mwangaza mdogo ulimetameta upande wa pili wa bonde: mitatu mifupi, kimya, mitatu mifupi tena. Nilishtuka, kisha nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kijana amejificha kwa ajili ya roho yake, lakini hawezi kutia kitu kinywani kabla hajamwamkia mjomba wake. Ndivyo ulivyomlea, dada. Niligeuza kioo kiasi cha upana wa kidole, nikampa miwili mirefu. Marahaba.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi. Ningalipaswa kumkataza siku ile ile ya kwanza. Mwanga si barua ndani ya bahasha. Yeyote aliyesimama kwenye njia yake anauona, na hakuna mtu aliyelijua jambo hilo kuliko mimi, maana ndiyo kazi yangu. Lakini nilipendezwa. Huku juu mimi ni mtu wa kuambiwa leta na ondoa, hata askari mwenye umri wa mdogo wetu Maneno ananiita we, mlugaluga, kama mtu wa porini. Kila asubuhi kule mwambani palikuwa na mtu mmoja aliyenihesabu kuwa mkubwa. Nilianza kuamka mapema kwa sababu yake.

Kisha zikapita asubuhi mbili bila salamu. Baadaye nilikuja kujua kwamba Lukasi alikuwa ameona watu wasiowajua kwenye njia ya bondeni, akaona afadhali atulie. Angalikuwa mtu mwingine, akili hiyo ningemsifia. Mimi sikufikiri hivyo. Nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba kijana ameshanizoea, kwamba mjomba wa mbali si mjomba tena, kwamba huenda Stambuli amemfundisha dharau za huko kwao. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyosema.

Asubuhi ya tatu nililenga kioo mwambani, nikamwita. Mianga mitano mirefu. Kimya. Nikamwita tena. Sikumwita mara moja wala mbili, nilimwita mpaka kidole kikauma. Mwishowe akaitika: mitatu mifupi, halafu mitatu tena na tena, upesi upesi, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa.

Sikumsikia Bwana Miwani nyuma yangu. Siku hizo Waingereza walikuwa wanakaribia na alikuwa halali vizuri. Aliinama kwenye darubini akatazama, na mwanga wa Lukasi bado unaamkia. Akaniuliza yule ni nani. Nikamjibu simjui. Akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akanitazama kwa yale macho yake yasiyoona vizuri, wala hakuniinulia mkono. Kisha akanisogeza, akakishika kioo mwenyewe. Bondeni palikuwa na kikosi cha askari waliokuwa wakitafuta wapagazi, wenye kioo chao kidogo, na kila asubuhi saa hiyo walitazama kwetu kupokea amri. Akawapelekea herufi chache. Kutoka walipokuwa mpaka mwambani si zaidi ya nusu saa kwa mtu anayepanda upesi.

Mwalimu, hapa nakuomba usome sawasawa kama nilivyoandika.

Bwana Miwani alinirudishia kioo. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha kambini kwamba niendelee kuzungumza na mtu wangu, nisimwache aondoke mpaka nitakapoambiwa basi. Hakunitisha. Hakutaja kiboko wala kamba. Alikwenda akakaa kwenye sanduku na saa yake mkononi.

Nami niliendelea, dada. Nililenga mwambani nikampa Lukasi marahaba. Akarudisha shikamoo. Nikampa marahaba nyingine, nikamwita, akaitika, nikampa tena. Nusu saa nzima. Wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa mabonde, ningaliweza kusema limefunika na Bwana Miwani asingekuwa na la kunipinga. Ningaliweza kubonyeza mmoja mrefu sana na mmoja mfupi. Alama ile haikuwa ya Wajerumani, niliitunga mimi, hakuna mtu duniani aliyeijua ila mimi na Lukasi. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja, kama kubandua kupe. Kibwana alikuwa kwenye darubini akiwatazama askari wakipanda. Alinigeukia mara moja, akanitazama, na najua alikuwa akingoja nifanye kitu.

Sikufanya. Niliogopa viboko, niliogopa kunyongwa, na nikikwambia kweli yote niliogopa kunyang'anywa kioo. Kule mwambani mwangaza uliruka juu, ukapiga mbinguni, ukazimika. Bwana Miwani akasema basi.

Ndivyo alivyopatikana mwanao. Hakuuzwa na Stambuli. Aliitwa na kushikiliwa na mjomba wake.

Barua yako ya kwanza ilipofika, ikisema watu wanamnong'ona Stambuli, nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sina jina lingine la kukipa kitu hicho. Unajua sikumpenda tangu mwanzo. Nilisema Mkutu hawezi kupanda milima yetu, nikamtania mbele za watu utani uliopita kiasi, naye akacheka ili usione haya. Nikaona watu wakimdhania yeye, mimi nitasalimika, na mume nisiyemtaka ataondoka. Nilinyamaza mwezi na zaidi. Kila Jumapili nimesali, na katika sala zangu nimemwombea Lukasi, nimekuombea wewe, na jina la Stambuli nimeliruka.

Juzi amefika hapa Mwinjuma, wa kijiji cha jirani, anarudi kutoka Kisaki akichechemea. Walimwachia kwa sababu mguu wake umeoza kidole na hafai tena kubeba. Alikuwa mstari mmoja na Lukasi. Anasema alipomwacha alikuwa hai, amekonda, anakohoa, anabeba sanduku la risasi wakielekea kusini. Salamu alizotuma ni hizi. Anakuamkia wewe mama yake, anasema usiache kula kwa ajili yake. Anamsalimu mkewe Scholastika, na mtoto akiwa wa kike aitwe Theresia. Anamsalimu Stambuli na kumwomba amtengenezee paa la jikoni kabla ya vuli, maana aliyeahidi ni yeye Lukasi, na sasa hataweza kulimaliza.

Nami ananiamkia. Alimwagiza Mwinjuma aniambie nisihuzunike kwa ajili ya asubuhi ile, kwamba kosa lilikuwa lake. Anasema alisikia mawe yakiporomoka chini yake na akajua kuna watu wanapanda. Njia ya kutorokea nyuma ya mwamba ilikuwa wazi. Lakini aliona mjomba bado anasalimia, akaona haya kumwachia mkubwa salamu katikati. Akajiambia acha amalize, ndipo nikimbie. Anaomba radhi kwa sababu mwishowe alinikatiza bila kuniaga.

Mwinjuma alinieleza hayo huku akila ugali wangu, hajui anachokisema. Nilitoka nje nikalia, dada. Nililia kwa sauti na sikujali nani ananisikia. Usiku ule ule sikuweza kuandika. Nimeandika leo mchana, wingu limefunika na hakuna kazi.

Barua hii anakuletea Mwinjuma mwenyewe, ambaye bado anapumzisha mguu hapa kwetu, ndani ya mkunjo wa tumbaku. Ikikamatwa njiani najua litakalonipata, na safari hii sitalilalamikia. Nataka isomwe mbele ya wazee wote siku hiyo ya Jumapili, kuanzia juu mpaka chini, hata pale nilipojisifia kidole. Mliniomba neno la mwisho la mjomba, nami nalitoa: Stambuli hana kosa, abaki nyumbani kwake, mkeka wake na jembe lake visiguswe, na aliyemsema mbele za watu akamwombe radhi mbele za watu. Hilo ni la mwisho kweli. Kuanzia hapo mambo ya wanao muulizeni Maneno. Yeye ni mdogo lakini hajawahi kumdhuru mtoto wa mtu. Mimi nimeomba nipelekwe Kisaki kwenye mistari ya wapagazi. Bwana Miwani amecheka, akasema kidole kama changu hakibebi sanduku. Nitaomba tena.

Nisalimie Scholastika kwa machozi, na yeye ana haki ya kutoipokea salamu hiyo. Wasalimie wadogo wote, wabusu kwa niaba yangu, usiwaambie bado. Kwako wewe sithubutu kuomba msamaha ndani ya karatasi. Nitauomba kwa magoti, siku utakaponiruhusu kukanyaga uwanja wako. Usiniandikie mpaka Stambuli ameanza tena kula akiwa ameinua kichwa.

Na wewe Stambuli, kama upo hapo unasikiliza. Umemwoa dada yangu mkubwa, umenizidi umri, na miaka sita yote hii tukikutana nimekusalimu kwa habari yako tu, kama namsalimu mtu wa rika langu. Sijakuamkia hata siku moja. Leo nakuamkia mbele ya mwalimu na mbele ya mkeo. Shikamoo, shemeji.

Ukitaka usiitikie.

Ni mimi ndugu yenu,
Yakobo